Paka Aliyefuga Panya

Bila shaka, msomaji, umepata kutazama picha ya sinema ya mpelelezi na mwizi. Majina na miji hubadilika, lakini mwendo wake ni ule ule. Mwizi ni hodari, na mpelelezi ni hodari kama yeye. Mmoja hutokea dirishani wakati mwenziwe anaingia mlangoni. Mara hukutana uso kwa uso, wakatazamana kama watu waliosoma chuo kimoja, kisha huachana na mbio zikaanza upya. Watazamaji hushika roho zao. Ukiwauliza watokapo nje, wengi watakuambia kwamba walitaka sheria ishinde, lakini wachache watakiri kwamba moyoni walikuwa wakimwombea mwizi apate mlango mwingine.

Mwaka 1969 picha moja ya namna hii ilitengenezwa Uingereza, ikaitwa Where's Jack?, yaani, Jack yuko wapi? Aliyeiongoza alikuwa James Clavell. Tommy Steele aliigiza mwizi, na Stanley Baker akaigiza mtu aliyekuwa akimwinda. Ni picha ya mbio za paka na panya kama nyingine zote, ila kisa chake hakikuzuliwa na mtunga sinema. Watu wale wawili walikuwako kweli, London, miaka ya 1720. Majina yao, Jack Sheppard na Jonathan Wild, yamo katika kumbukumbu za mahakama hata leo. Nimeichagua habari yao kwa sababu moja. Katika hadithi za upelelezi tulizozizoea, kama zile za Bwana Msa alizozitunga Muhammed Said Abdulla wa Unguja, twajua upesi nani yuko upande wa haki. Katika habari hii jambo hilo si jepesi hivyo. Kwani yule mwindaji wa wezi ndiye aliyekuwa mwizi mkubwa kuliko wote, na kitu kilichompa nguvu hiyo ni sheria yenyewe.

Ili ufahamu jinsi jambo la ajabu kama hilo lilivyowezekana, huna budi kwanza kuujua mji wenyewe. London ya siku zile ilikuwa na watu wapatao 600,000, na haikuwa na polisi. Usinielewe vibaya: si kwamba polisi walikuwa wachache, hawakuwako kabisa. Kila parokia ilikuwa na konstebo wake, raia mwenye nyumba aliyeshikwa zamu ya mwaka mmoja bila mshahara, ambaye mchana alikuwa na duka lake au karakana yake ya kuangalia. Usiku walizunguka walinzi wenye taa na fimbo, na wengi wao walikuwa wazee. Mtu akiibiwa, kazi ya kumtafuta mwizi ilikuwa yake mwenyewe. Na akimpata, kazi ya kumshtaki mahakamani ilikuwa yake pia, kwa gharama yake.

Bunge liliona wazi kwamba mambo hayaendi, lakini halikutaka kuunda jeshi la polisi. Waingereza wa zamani zile waliogopa kwamba askari wa serikali wakijaa mitaani uhuru wao ungepotea. Basi likatafuta njia ya mkato. Mwaka 1692 ilipitishwa sheria kwamba mtu yeyote atakayemkamata mnyang'anyi wa barabarani na kumshtaki mpaka akapatikana na hatia, atapewa pauni 40. Hizo zilikuwa fedha nyingi kuliko alizozipata kibarua wa London kwa mwaka mzima. Baadaye zawadi kama hiyo iliwekwa pia kwa wavunja nyumba. Na mwaka 1720, kwa unyang'anyi uliotendeka London na viungani mwake, tangazo la Mfalme liliongeza pauni 100 nyingine juu yake. Sisi twasema kwamba siku za mwizi ni arubaini. Pale London, arubaini haikuwa hesabu ya siku zake, bali ilikuwa bei yake.

Na kitu chochote chenye bei hupata mfanya biashara wake.

Jonathan Wild alizaliwa Wolverhampton, akabatizwa huko mwaka 1683. Alijifunza kazi ya kufua bizimu za mikanda na viatu. Alipofika London hakufanikiwa, na kutoka mwaka 1710 hadi 1712 alikuwa amefungwa katika gereza la wadeni liitwalo Wood Street Compter. Twaweza kusema kwamba gereza hilo ndilo lililokuwa chuo chake, kwa maana humo alijuana na wezi wa kila aina, akajifunza nani huiba nini, nani hununua, na kwa bei gani. Alipotoka, alifanya kazi kwa muda na Charles Hitchen, afisa wa mji aliyetakiwa kuzuia uhalifu, naye akawa anajinufaisha nao. Kisha mwanafunzi akamwacha mwalimu, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Itazame biashara yake kwa makini, maana ilikuwa na werevu wa kutisha. Tuseme mfanya biashara ameibiwa saa ya fedha pamoja na daftari lake la hesabu. Daftari hilo, kwa mwizi, ni karatasi tupu. Hata saa ataiuza kwa sehemu ndogo ya thamani yake, kwa kuwa sheria za miaka ile zilikuwa zimeanza kumwadhibu vikali mtu anunuaye mali ya wizi. Lakini kwa mwenyewe, daftari lile ni maisha yake yote: humo mna majina ya wadeni wake. Basi mwenye mali huenda kwa Bwana Wild. Hulipa shilingi 5 ili jina lake liandikwe katika kitabu. Bwana Wild humwuliza kwa upole amepotewa na nini, wapi, na saa ngapi, ingawa mara nyingi majibu ameshayajua. Humwambia arudi baada ya siku chache. Arudipo, huambiwa kwamba mtu mmoja mwaminifu amekiona kitu kile mikononi mwa mtu wa kutiliwa shaka, akakizuia, na angefurahi kupewa bahashishi kidogo. Wild mwenyewe haigusi mali wala hajiombei kitu. Mwenye daftari hutoka akishukuru, mwizi hupata zaidi ya ambazo angepewa na mnunuzi wa kificho, na Wild hupata fungu lake katikati.

Huo ulikuwa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ulikuwa zile pauni 40. Mwizi aliyemtii Wild aliachwa aendelee kuiba; mwizi aliyejaribu kuuza mali mahali pengine, au aliyekuwa amezeeka katika kazi, au aliyejua siri nyingi mno, alikamatwa, akapelekwa mahakamani, ushahidi ukatolewa, akanyongwa, na Wild akapokea fedha za serikali. Wezi wakawa kama mifugo zizini: wengine wa kukamwa, wengine wa kuchinjwa. Na kila aliponyongwa mmoja, magazeti yalimsifu mkamataji. Wild akajiita Jemadari Mkuu wa Wakamata Wezi wa Uingereza na Ayalandi, akawa anatembea na upanga kiunoni na fimbo yenye kichwa cha fedha, kama mtu wa serikali, hali serikali haikumwajiri kamwe.

Je, serikali haikujua? Ilijua, walau kwa sehemu. Mwaka 1718 Bunge lilipitisha sheria iliyomfanya mtu apokeaye malipo kwa kurudisha mali ya wizi, bila kumshtaki mwizi, awe na hatia sawa na ya mwizi mwenyewe. Watu wote walifahamu inamlenga nani, hata wakaiita kwa jina lake. Wild alibadilisha desturi za ofisi yake kidogo tu, akaendelea. Lakini tazama jambo hili, ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote: mwaka 1720 Baraza la Mfalme lilimwita mtu huyo huyo kumwuliza ni njia gani ingefaa kupunguza ujambazi. Akajibu kwamba dawa ni kuongeza zawadi ya wakamata wezi. Na zawadi ikaongezwa!

Sasa tumtazame panya. Jack Sheppard alizaliwa Spitalfields, mtaa wa mafukara, tarehe 4 Machi 1702. Baba yake alikufa Jack angali mdogo, naye akapelekwa katika nyumba ya kulelea maskini. Mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya muuza nguo mmoja, William Kneebone. Bwana huyo alimhurumia mtoto, akamfundisha kusoma na kuandika, na mwaka 1717 akamsaidia kuwa mwanagenzi wa seremala Owen Wood, kwa mkataba wa miaka 7. Jack alikuwa kijana mfupi, mwembamba, mwenye nguvu nyingi mikononi, naye aliujua useremala vizuri. Ukumbuke hilo: mtu ajuaye jinsi mlango unavyoundwa hujua pia jinsi unavyobomolewa. Ilibaki miaka isiyofika miwili amalize mkataba, ndipo alipoanza kuzoea kilabu kimoja cha pombe jirani. Huko alikutana na mwanamke aitwaye Elizabeth Lyon, na mwizi aitwaye Joseph Blake, ambaye watu walimpa jina la Blueskin. Mwaka 1723 aliitupa kazi ya halali akawa mwizi mtupu.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana watu wengi walioandika habari za Jack Sheppard wamempamba mno. Mwezi wa Julai 1724 alivunja nyumba akaiba nguo za sufu. Nyumba hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Kneebone, yule yule aliyemfundisha kusoma. Basi tusimfanye mtakatifu.

Walakini kulikuwa na jambo moja lililomtenga na wezi wenzake: alikataa kumtumikia Jonathan Wild. Hakumpelekea mali, wala hakumwomba ulinzi. Katika mji ambao wezi wengi walikuwa wametiwa katika kitabu cha mtu mmoja, kukataa huko kulikuwa ni kutangaza vita.

Mwezi wa Aprili 1724 mmoja wa watu wa Wild alimwalika Jack katika mchezo, kumbe konstebo ameshaitwa. Alifungiwa ghorofa ya juu katika mahabusu ya mtaa wa St Giles. Hazikupita saa tatu alikuwa ametoboa dari, akapita juu ya paa na kushuka kwa kamba ya mashuka. Vigae vilivyoanguka vilikuwa vimekusanya watu barabarani. Yasemekana kwamba Jack alijipenyeza katikati yao, akaonyesha kidole juu ya paa, akapiga kelele kwamba anamwona mtoro pale gizani. Kisha akaenda zake. Mwezi uliofuata alikamatwa tena, akatiwa katika gereza la New Prison, Clerkenwell, pamoja na Elizabeth. Tarehe 25 Mei alikata minyororo kwa tupa, akang'oa chuma cha dirisha, akamshusha Elizabeth kwa nguo na mashuka yaliyofungwa pamoja; na walipofika chini wakajikuta ndani ya ua wa gereza la jirani, wenye ukuta wa futi 22. Wakaukwea, wakatoka.

Kufikia hapa mji mzima ulikuwa ukizungumza habari zake, na Wild aliona kwamba asipomnasa, jina lake mwenyewe litakuwa mzaha. Hakumfuata Jack mbio juu ya mapaa. Mwindaji mwenye akili hutega pale mnyama anywapo maji. Alimtafuta Elizabeth Lyon, akamnywesha pombe mpaka akataja mahali Jack alipojificha. Tarehe 23 Julai Jack alikamatwa na msaidizi wa Wild. Mwezi wa Agosti alihukumiwa katika mahakama ya Old Bailey. Mashtaka mawili yalianguka kwa kukosa ushahidi. La tatu, la nyumba ya Kneebone, lilisimama, na Wild mwenyewe alikuwa miongoni mwa mashahidi. Hukumu ilikuwa kunyongwa.

Tarehe 31 Agosti, katika gereza kuu la Newgate, ambamo waliohukumiwa kufa walifungiwa, Elizabeth na mwenziwe mmoja walikuja kumtazama Jack. Alikuwa ameshakikata kwa tupa chuma kimoja cha kidirisha walichozungumzia wageni. Walinzi wakinywa na kupiga soga upande wa pili, wale wanawake walimvuta nje, wakamvika nguo za kike, akatoka lango kuu la Newgate kama mgeni aliyemaliza mazungumzo yake. Siku chache baadaye alikamatwa katika mbuga ya Finchley, kaskazini ya mji, akarudishwa. Safari hii walinzi hawakutaka mchezo. Walimfungia katika chumba imara walichokiita Ngome, wakamtia pingu mikononi na vyuma vizito miguuni, kisha wakamfunga kwa mnyororo sakafuni. Watu wa heshima wakaja kumtazama, nao walinzi wakawatoza kiingilio. Hata James Thornhill, mchoraji wa Mfalme, aliingia akamchora.

Tarehe 14 Oktoba likatokea jambo ambalo mtunga sinema angeogopa kulibuni, asije akaambiwa amezidisha chumvi. Blueskin naye alikuwa amekamatwa na Wild, akaletwa Old Bailey kuhukumiwa. Mtu huyo alikuwa amelelewa tangu ujana katika kundi la Wild. Kabla ya kesi alimsihi bwana wake wa zamani amwombee. Wild akakataa. Papo hapo Blueskin alichomoa kisu kidogo akamkata koo. Wild hakufa, lakini alilala kitandani wiki nyingi. Na fujo ile ilitikisa mahakama na gereza lililokuwa kando yake.

Kesho yake, tarehe 15 Oktoba alasiri, Jack alianza kazi. Kwa msumari mdogo alifungua kufuli, akazikata pete za mnyororo uliomfunga sakafuni. Vyuma vya miguu vilimshinda. Akavipandisha juu ya magoti akavifunga kwa vitambaa visilie. Akajaribu kupanda kwa ndani ya dohani, akazuiwa na nondo iliyopitishwa katikati; akatoboa ukuta, akaing'oa nondo, na kile kilichowekwa kumzuia kikawa chombo chake cha kubomolea. Akatokea katika chumba cha juu ambacho kilikuwa hakijafunguliwa kwa miaka 7. Kutoka hapo akavunja mlango baada ya mlango, peke yake, gizani, vyuma miguuni, akapita katika kanisa la gereza mpaka akafika juu ya paa. Alipotazama chini akaona kwamba hawezi kuruka. Sasa fikiri, msomaji: alirudi. Alipita tena milango ile yote, akashuka tena kwa njia ya dohani mpaka katika chumba chake, akachukua blanketi la kitanda, akapanda nalo tena. Kwa blanketi hilo alishuka juu ya paa la nyumba ya jirani, akanyata kwenye ngazi za watu waliokuwa bado macho, akatoka barabarani karibu na usiku wa manane.

Hadithi hiyo ilisimuliwa katika vijitabu vilivyochapwa haraka haraka ili fedha zipatikane habari ikiwa bado moto, na msomaji wa historia hana budi kuvipokea vitabu vya namna hiyo kwa tahadhari. Lakini milango iliyobomolewa iliangaliwa kesho yake na watu wengi, na walinzi wenyewe ndio walioona haya.

Jack alijificha katika zizi la ng'ombe huko Tottenham, akamhonga fundi viatu shilingi 20 amletee zana za kufungulia vyuma vya miguu. Mwerevu kama huyo angevuka bahari. Yeye alirudi London. Tarehe 29 Oktoba alivunja duka la mweka rehani katika Drury Lane, akatoka na suti nyeusi ya hariri, upanga wa fedha, pete na saa. Alikodi gari la farasi akapita mbele ya Newgate. Akamwalika mama yake wanywe pamoja. Alfajiri ya tarehe 1 Novemba alikamatwa akiwa amelewa chakari, angali amevaa suti ile ya hariri. Wild alikuwa bado anauguza koo. Hakuwa na sehemu yoyote katika ukamataji huo. Kwa hiyo mchezo mrefu wa paka na panya ulimalizwa na chupa ya pombe.

Mahakamani aliambiwa kwamba akiwataja wenzake huenda akapunguziwa adhabu. Alikataa. Tarehe 16 Novemba 1724 alichukuliwa kwa mkokoteni hadi Tyburn, mahali pa kunyongea, akiwa na umri wa miaka 22. Inasemekana kwamba watu 200,000 walijaa njiani, yaani karibu theluthi moja ya mji, na kijitabu cha maisha yake kilikuwa kikiuzwa mle mle katika umati.

Hebu tusimame kidogo tujiulize: kwa nini umati ule ulimpenda? Si kwa sababu aliwagawia maskini, hakuwagawia. Nguo alizoiba alitaka kuziuza, na fedha alizozipata alizinywa. Mimi nadhani walimpenda kwa sababu waliijua biashara ya Wild. Mtu wa mtaani alikuwa ameona majirani wakinyongwa kwa ushahidi wa watu waliolipwa kwa kila kichwa, na alijua ni nani anayepokea malipo hayo. Alipomwona kijana mmoja ambaye hakununuliwa, akasahau kwamba kijana huyo ni mwizi. Hiyo ndiyo hasara kubwa aliyoileta Wild, kuliko mali yote iliyopita katika kitabu chake: aliwafanya watu wa kawaida wasiweze tena kusikia neno sheria bila kucheka. Mahali ambapo mkamataji hupata faida mwizi awepo, na shahidi hulipwa mshtakiwa akinyongwa, asiye na hatia na mwenye hatia husimama kizimbani kwa bei moja.

Baada ya kifo cha Jack, hofu ya Wild ilianza kupungua mjini. Tarehe 15 Februari 1725 alikamatwa kwa kosa la kumsaidia mmoja wa watu wake kutoroka, akatiwa Newgate. Maadui zake wakaanza kusema. Katika kesi, mwezi wa Mei, aliwagawia raia 12 walioapishwa kuamua shauri lake orodha ya wezi zaidi ya 60 aliokwisha kuwapeleka mahakamani, kama mtu anayeonyesha vyeti vya kazi njema. Lakini shtaka lenyewe lilikuwa dogo kwa kulinganishwa na maisha yake. Mnamo Januari bibi mmoja mwenye duka, Catherine Stetham, alikuwa ameibiwa yadi 50 za lesi, zilizotajwa katika hati ya mashtaka kuwa na thamani ya pauni 40. Wild alishtakiwa kwa wizi huo, akaachiliwa. Kisha likaletwa shtaka la pili: kwamba tarehe 10 Machi alipokea gini 10 kutoka kwa bibi yule kwa kumrudishia mali yake, wala hakumshtaki mwizi. Angalia tarehe. Siku hiyo Wild alikuwa mfungwa ndani ya Newgate. Aliiendesha biashara yake hata gerezani! Sheria iliyomnasa ilikuwa ile ile ya mwaka 1718, iliyotungwa kwa ajili yake na ambayo aliidharau kwa miaka saba.

Usiku wa kuamkia kunyongwa alikunywa dawa ya afyuni ajiue, lakini haikumwua. Tarehe 24 Mei 1725 alipelekwa Tyburn nusu mfu. Umati ulikuwako tena, ila safari hii ulirusha mawe.

Watunzi hawakukawia. Tarehe 29 Januari 1728 London ilionyeshwa mchezo wa kuigiza wa John Gay, The Beggar's Opera, ambamo mna mtu anunuaye mali ya wezi na kuwauza wenyewe kwa hakimu. Kila mtazamaji alimjua. Mwaka 1743 Henry Fielding alichapa kitabu cha kejeli kwa jina la Wild, akimlinganisha mwizi mkuu na wakuu wa serikali. Fielding huyo huyo alikuja kuwa hakimu wa Bow Street, na mwaka 1749 akaanzisha kikosi kidogo cha watu wa kukamata wahalifu. Hata hivyo zawadi ya pauni 40 haikuondolewa. Mwaka 1754 lilifichuliwa kundi jingine la wakamata wezi, la Stephen McDaniel, lililokuwa likiwashawishi vijana waibe ili liwakamate na kupokea malipo. Ilichukua miaka mingi mno kwa Bunge kukubali kwamba ubaya haukuwa wa mtu mmoja. Zawadi zile zilifutwa mwaka 1818, na polisi wenye mshahara, ambao hawakulipwa kwa hesabu ya vichwa, wakaanza kazi London mwaka 1829.

Linabaki jambo moja, ambalo picha ya sinema haikuwa na nafasi nalo. Siku zile maiti za walionyongwa zilitafutwa na madaktari kwa ajili ya kupasuliwa na kufundishia, na watu maskini waliogopa hilo kuliko kifo chenyewe. Jack Sheppard aliposhushwa katika mti wa Tyburn, umati ulimzunguka ukamzuia asichukuliwe, hata rafiki zake waliokusudia kujaribu kumfufua wakashindwa kumfikia. Jioni ile alizikwa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Jonathan Wild alizikwa kwa siri usiku, lakini kaburi lake lilifukuliwa. Mifupa yake imo mikononi mwa chuo cha madaktari wapasuaji cha London, Royal College of Surgeons, ikiwa imeunganishwa na kusimamishwa wima.